Hai ya Mwalimu wa Hesabu

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilipangiwa kufundisha Kiswahili katika sekondari moja ya Mpanda, nikapewa nyumba mtaa wa Kawajense yenye vyumba viwili na jiko la nje. Mwaka uliofuata chumba cha pili alipewa mwalimu wa hesabu aliyekuja kujitolea kutoka Japani. Alikuwa binti kama mimi, wa umri wangu, mfupi, mpole, anayefua kila siku. Kiswahili alikuwa amejifunza miezi michache tu kabla ya kuja, na alikielewa vizuri mradi usiongee haraka. Sisi tunaongea haraka.

Kulikuwa na neno la kwao ambalo lilimshinda kuliacha. Ukimweleza jambo, anatikisa kichwa na kusema, "Hai." Ukiendelea, anasema, "Hai, hai." Watoto wa mtaani, ambao walikuwa wameokota ile "hai" ya Kiingereza redioni, walimpigia kelele kila asubuhi, "Hai!" Naye aliinamisha kichwa na kujibu, "Hai." Wao walijua wamesalimiwa, yeye alidhani wamekubaliana jambo. Mwenye duka la pale kwetu, mzee wa Kiislamu aliyetokea Ujiji, aliniambia binti yule ana dini sana, kwa sababu Hai ni jina la Mungu na yeye hulitaja hata akinunua kiberiti. Nikamweleza kwamba kwao lina maana nyingine. Akasema haidhuru, thawabu zinaandikwa vilevile.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kisukuma. Mumewe alishinda porini na ng'ombe, yeye alibaki mjini na watoto, akiuza maziwa. Kila asubuhi alituletea ya chai. Wakati ukoo wao unahama kutoka kaskazini, kabla yeye hajaolewa, kaka yake alitangulizwa na sehemu ya ng'ombe kuelekea upande wa ziwani, na tangu hapo hawakumsikia tena. Baadaye mpakizi mmoja wa lori akaleta habari kwamba amezama Ziwa Tanganyika. Wakaweka matanga bila maiti. Jirani alilia kama wengine, lakini aliwahi kuniambia kwamba kilio kile hakikumtoka vizuri.

Likizo ya Juni mwenzangu akasema anakwenda Karema kuliona ziwa. Jirani alipopata habari alikuja moja kwa moja.

"Mwalimu, huko nitafutie kaka yangu. Mrefu, ana pengo hapa mbele, na sikio la kushoto limechanika, alichomwa pembe na ng'ombe."

"Hai," mwenzangu alisema.

"Ukimkuta, mwambie mama yetu alishafariki. Usimwambie mbele za watu."

"Hai, hai."

Akapanda lori, akaenda. Alirudi ameungua jua, mwenye furaha, amebeba migebuka mikavu, samaki wa kule ziwani, iliyofungwa kwenye mkeka. Hajatua hata mzigo, jirani akawa amefika na ndoo yake ya maziwa. Mimi nilikuwa jikoni, lakini nilisikia.

"Mwalimu, ulifika Karema?"

"Ndiyo, nilifika. Ziwa zuri sana."

"Na kaka yangu je? Yule mwenye pengo?"

Mwenzangu alimwinamia ili amsikie vizuri. "Hai," alisema, akisubiri maneno yaendelee.

Hayakuendelea.

"Hai?" jirani aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Hai."

Vigelegele vilinikuta napuliza mkaa. Nilipotoka nje, jirani alikuwa ameshika mikono ya mwenzangu akiitikisa, na mwenzangu alikuwa anacheka kwa sababu mwenzake anacheka.

Mchana ule alichinjwa mbuzi. Mume wa jirani alikuwa porini, kwa hiyo hakuulizwa. Mzee wa dukani alileta sukari. Majirani walijaa uani, na mwenzangu akakalishwa kwenye kiti pekee chenye mto, akapewa maini. Nilimkuta anakula kwa adabu.

"Sherehe ni ya nini?" akaniuliza.

"Ya kaka yake jirani. Yule aliyeonwa Karema."

"Nani alimwona?"

"Wewe."

Alirudisha kipande cha ini kwenye sahani.

Tulingoja wageni waondoke, kisha tukamfuata jirani akisugua masufuria. Nikamweleza. Hakuacha kusugua.

"Kwao hai maana yake nini?"

"Ni ndiyo."

"Mimi nimemuuliza habari za kaka yangu, yeye akasema ndiyo. Kosa liko wapi?"

"Siyo ndiyo hasa, mama. Ni kama sisi tunavyosema enhe. Maana yake nakusikia, endelea."

"Ningeendelea wapi? Nilikuwa nimemaliza."

Mwenzangu alianza kulia. "Samahani, mama. Sikukuelewa. Sikumwona. Hata kumtafuta, sikumtafuta."

"Hukumtafuta."

"Hapana."

Jirani aliinamisha sufuria maji yachuruzike.

"Basi hukumkuta amekufa pia," alisema. "Tukamtafute. Mbuzi ameshaliwa."

Tulipata nafasi kwenye lori lililopeleka saruji Karema. Mwenzangu alikataa katakata kubaki, na mimi nilikwenda kwa sababu alihitajika mtu wa kuongea haraka. Tulipofika tuliuliza misheni, tukauliza madukani, tukauliza ufukweni, hakuna aliyemjua. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumpa pole tena, hadi mama mmoja muuza samaki akasema, "Msukuma mwenye sikio bovu? Huyo yuko Kapalamsenga, anaanika dagaa. Majini haingii hata umpige."

Tukapanda mtumbwi wa injini. Jirani hakuwahi kupanda chombo cha majini maishani mwake. Alinishika kanga, akafumba macho, akayafumbua boti ilipogusa mchanga.

Mtu mrefu alikuwa anageuza dagaa kwa reki. Alituona tukija, akaendelea kugeuza, kisha akaacha.

"Wewe," jirani alisema.

"Umefikaje?"

"Kwa mtumbwi."

"Wewe, mtumbwi?" Akatutazama mmoja mmoja. "Nani alikwambia niko hapa?"

Jirani alimwonyesha mwenzangu kwa kidevu. "Huyu."

"Simjui."

"Na yeye hakujui."

Halafu alimpiga kofi, akamkumbatia, akakaa chini mchangani na kulia. Safari hii kilio kilimtoka. Kaka yake alibaki amesimama na reki, hajui aiweke wapi.

Baadaye alituambia. Ng'ombe wote walimfia njiani kwa ugonjwa, naye hakuweza kurudi kumtazama baba yake usoni. Akaingia kazi ya uvuvi na rafiki yake. Dhoruba ilipopiga, aliyezama ni yule rafiki. Aliposikia kwamba huku nyumbani wamemlilia yeye, aliona afadhali iwe hivyo, kuliko kudaiwa maelezo.

Jirani akamvuta pembeni, nyuma ya vichanja vya samaki, peke yao. Tulijua anamwambia habari za mama yao. Tuliona mabega ya kaka yakishuka. Mwenzangu aligeuka akatazama ziwa, na hakugeuka tena mpaka walipotoka.

Kaka hakurudi nasi. Alisema ana dagaa juani. Lakini mwaka uliofuata, baada ya mvua, alifika Kawajense na gunia begani. Alimkuta shemeji yake amekuja kutoka porini, na watu wale wawili ambao hawakuwahi kuonana walikaa kivulini siku nzima wakizungumzia magonjwa ya ng'ombe. Dagaa alikaanga dada yake, tukala sote. Alikaa mpaka gunia likaisha, akasema mji una kelele, akapanda lori.