Nilichora jua kwa ndege ya Barasa, likakataa kusonga

Wakuu, sasa? Mvumilie huyu mzee kidogo. Haya yote ni ukweli mtupu, isipokuwa pale nitajisifu. Hapo mpunguze nusu.

Mimi napaka malori rangi huku Kibomet, Kitale. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo mwenye anatafuta grammar aende uzi ingine.

Rafiki yangu Barasa wa Malakisi zamani alikuwa anaosha ndege. Ndege moja ya mizigo, haina rangi, bati tupu, inang'aa kama sufuria mpya. Picha yake hana hata moja.

Sasa shemeji yake, Simiyu, kila matanga lazima amuulize mbele ya watu, "Ati uliosha ndege? Si uliosha ng'ombe kwa dip!" Watu wanacheka bana, hata wenye wamefiwa. Barasa amezeeka na hiyo jina ya muongo.

Binti yake Nafula ana cyber Bungoma. Kwa kompyuta zake kuna game ya kurusha ndege, na unaweza kuvalisha ndege skin yako mwenyewe, yaani picha yenye inafunika bodi yote.

Akanipigia simu. "Mzee, wewe ni fundi. Tutengenezee ile ya baba. Jumamosi mjomba Simiyu anakuja kuona."

Nikakubali na kiburi yote, nikaenda Bungoma. Mng'ao si nimechora kwa milango ya malori maisha yangu yote? Unaweka grey, halafu unavuta mstari mweupe juu. Kazi kwisha.

Ndege ikaruka. Smati! Halafu ikapiga kona.

Jua la game likaenda kushoto. Langu likabaki kulia.

Nafula akasema, "Mzee, ndege yako iko na jua mbili."

Tukaingia forum ya wazungu, yeye akinitafsiria. Kumbe nyuma ya ile picha kuna picha ingine imejificha, ni nyeusi na nyeupe tu, wanaita alpha channel. Hiyo ndiyo inaambia game ni wapi pang'ae.

Nikasema hiyo ni rahisi, nyeupe si ndio mwanga? Nikapaka nyeupe kidogo. Ndege ikafifia. Nikaongeza. Ikakuwa kama choo ya shule imepakwa chokaa. Fundi wa rangi ukimwambia haijashika, anaongeza koti, yaani rangi juu ya rangi. Siku mbili naongeza koti!

Ijumaa Nafula akachoka. "Sogea hapo. Naweka nyeusi."

Woi! Bati tupu! Ndege ikigeuka, jua inateleza juu ya bawa kama maji. Kwa hiyo game, nyeusi kule nyuma ndiyo inang'arisha. Nikafuta mistari yangu yote na aibu.

Jumamosi Simiyu akaja, Barasa pia. Simiyu akakaa, akaangalia ndege ikiruka mpaka mwisho.

"Hii ni ya kompyuta," akasema. "Hakuna binadamu ameosha ndege ikawa safi hivi."

Nikajua tumekwisha. Lakini Barasa akavuta kiti karibu na screen, amekasirika kabisa.

"Ni kweli, haikuwa safi hivi! Nyuma ya hii injini moshi ilikuwa inashika kutoka hapa mpaka hapa. Na huku juu ya mkia sikuwahi osha hata siku moja. Ngazi ilikuwa fupi. Nilikuwa nadanganya rubani nimemaliza."

Kila mahali alinyoosha kidole, nikapaka nyeupe kule kwa alpha, pakafa mng'ao.

Simiyu akainama akaangalia ule mkia. Halafu, sauti ya chini, "Na rubani hakujua?"

"Mpaka leo."

"Shemeji, kumbe wewe ni mvivu hivi!"

Sasa kwa matanga Simiyu anamwita mvivu wa ndege, na Barasa anatembea kifua mbele. Amepandishwa cheo.

Somo ni hii, wakuu: usichore jua, game iko na yake. Jaribu nyeusi kabla ya kuongeza koti. Na uchafu uuache mahali ulikuwa.

Na nyinyi je, ni wapi ngazi yenu haikufika? Andikeni hapo chini, hakuna rubani anasoma.