Siku Mama Alipomtabasamia Bi Zaina

Harufu ya kitambaa kilichounguzwa na pasi ya mkaa hunisimamisha njiani hadi leo. Hunirudisha mtaani kwetu Nyakabanda, mwaka 1992, kwenye chumba cha mbele ambamo mama alishona magauni, na mimi, mwenye miaka tisa, nikimfumulia mishono iliyokosewa.

Mama alikuwa na kipanda uso. Kilimjia karibu kila wiki, upande wa kushoto wa kichwa, na kikija alishusha pazia, akajifunga khanga mbichi kichwani, akakaa kimya. Maumivu yake niliyazoea. Nilichoogopa ni macho. Alinitazama kama mtu anayetazama picha ya ukoo wa wengine. Siku moja nikiwa nalia, aliniuliza kwa upole, "Sura yako naiona, Mariamu. Iko inafanya nini?" Niliamini kuna mtu mwingine ameingia ndani yake, nikawa nachungulia miguu yake kuhakikisha bado ni ile ile.

Bi Zaina alikuwa jirani yetu na rafiki yake mkubwa. Ramadhani nzima walifuturu sahani moja. Mumewe, Saidi, aliendesha lori. Alasiri moja, kipanda uso kimemshika mama barabara, Bi Zaina aliingia bila kubisha. Hakulia. Alisimama mikono imening'inia, mdomo umevutika upande, akasema kwa sauti ndogo sana:

"Mama Mariamu, wamenirudishia Saidi."

Mimi nilielewa papo hapo. Nilielewa kwa ile mikono. Mama akatabasamu, tabasamu pana la kukaribisha wageni.

"Alhamdulillahi," akasema. "Safari ilikuwa nzuri?"

Nilisikia mkaa ukipasuka ndani ya pasi. Bi Zaina alimtazama mama, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, sikulisema. Niliogopa yule aliyevaa uso wa mama angenigeukia. Bi Zaina akarudi kinyumenyume hadi nje, bila kutupa kisogo.

Jioni maumivu yalipomwachia, nilimweleza. Alikimbia pekupeku. Wanawake waliokuwa mlangoni kwa mfiwa hawakumpisha. "Mwihangane," aliwaambia, kama tunavyopeana pole kwa Kinyarwanda, na hakuna aliyeitikia. Mtaa ukasema ana jini linalofurahia vifo. Miezi michache baadaye Bi Zaina alihamia Gikondo, mtaa mwingine wa mji. Hawakusemezana tena. Kisha ukaja mwaka 1994, ambao sitausimulia hapa. Mama hakuuvuka.

Nilipofika miaka thelathini, kipanda uso kikanishika mimi. Binti yangu alisimama kando ya kitanda. Niliona nyusi, niliona meno, niliona maji mashavuni, na sikuweza kuviunganisha vikawa huzuni. Ndipo nilipojua kwamba mama hakuwa ameondoka mle ndani. Alikuwemo, akitafuta, na lile tabasamu lilikuwa adabu tu ya mtu asiyejua afanye nini.

Nikaenda Gikondo. Bi Zaina, sasa bibi kizee, alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwenyewe alijua kama haelewi?" akauliza.

"Alijua nilipomwambia. Mimi nilijua palepale, bibi, nikanyamaza."

Alikunja na kukunjua pindo la mtandio.

"Ulikuwa mtoto," akasema.

Lakini neno hilo alilisema akitazama ukutani, nami hata leo, kichwa kikiwa kizima kabisa, sijui alilisema kwa moyo gani.