Kipande cha Msafiri

Naandika haya vidole vikiwa baridi, na hakuna baridi leo.

Ni Krismasi hapa kwetu, mtaa wa Jericho. Mti wetu umejaa pamba na baluni, na chapati za mama ziko mezani.

Kuka, babu yangu, kila Krismasi alikuwa akimega chapati ya kwanza, akiweka kipande dirishani na kusema, "Cha msafiri." Tangu tumzike hatujafanya hivyo. Hata hatulitaji jambo hilo, kwa sababu Kukhu, nyanya yangu, huacha kula.

Mdogo wangu Imani alizaliwa baadaye. Ana miaka miwili.

Sasa sikieni.

Imani amepewa chapati. Amemega kipande, amepanda kiti, amekiweka dirishani.

"Cha msafiri."

Mama akanigeukia. "Ni wewe umemfundisha?"

"Hapana, mama. Haki ya Mungu."

"Imani, nani amekuambia useme hivyo?"

"Yeye." Akaonyesha mlango uliofungwa.

Nilidhani Kukhu atalia. Aliinuka, akatoa komeo, akaufungua mlango wote, kisha akaketi na kuanza kula.

Giza linaingia na mlango bado uko wazi.

Ungekuwa wewe, ungeufunga?