Herufi za Mbao na Neno Nililolipiga Mstari Mwekundu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa vitu vitatu: kipande cha chaki, kifutio cha ubao, na watoto sabini na wawili wa darasa la nne. Shule ilikuwa ndani ya shamba kubwa la chai upande wa Kericho, na karibu kila mtoto alikuwa wa mchuma chai. Mimi mwenyewe ni binti wa mchuma chai. Wazazi wangu walitoka Kisii kuja kutafuta kazi, nami nikazaliwa kwenye laini, yaani zile nyumba za safu za wafanyakazi, kwa hivyo watoto hawakunitisha. Kilichonitisha ni kabati la vitabu. Mwalimu mkuu alilifungua, tukachungulia wote wawili, kisha akalifunga tena kwa ufunguo kana kwamba kulikuwa na cha kuibwa ndani.

"Madam," akaniambia, "hii darasa Kiingereza imewashinda. Wewe jaribu tu. Ukiona imekataa, waimbishe nyimbo."

Sikuwaimbisha nyimbo. Mimi ni mtu wa kichwa kigumu, aliyeishi nami atakuambia. Wakati huo chai ilisafirishwa ndani ya masanduku ya mbao nyembamba, na seremala wa shamba alikuwa na rundo la yaliyovunjika. Nilimbembeleza wiki nzima, akanikatia vipande vya mraba, kila kimoja ukubwa wa kiberiti. Nikaviandika herufi kwa rangi nyeusi, nikashona mfuko wa kitambaa cha gunia la unga wa ngano, nikavitia humo. Herufi E zilikuwa nyingi kuliko zote. Q ilikuwa moja tu, na hata hiyo moja mara nyingi ilikaa bure.

Nitaeleza kazi yenyewe, maana walimu vijana huniuliza. Mwalimu anachagua neno refu la Kiingereza, ambalo sisi tulikuwa tukiliita neno mama, analiandika ubaoni. Mwanafunzi anatafuta maneno mengine yaliyojificha ndani ya herufi zake. Kila herufi hutumika mara zile tu inazoonekana kwenye neno mama. Siri ya kwanza ni kuzitenga vokali pembeni uone una mtaji gani. Siri ya pili ni kuzipanga pamoja konsonanti zinazopenda kutembea mbili mbili, kama SH na ST na PL. Herufi S niliikataza mpaka dakika tano za mwisho, kwa sababu mtoto akishazoea kuibandika mwishoni mwa kila neno, macho yake hulala.

Neno mama la kwanza nililowapa lilikuwa PLANTATION. Nusu saa ikapita, wakatoa PLANT, TIN, POINT, NATION. Kisha msichana mmoja wa nyuma akainua mkono, uso umemkunjamana.

"Madam, kwa PLANTATION hakuna TEA!"

Wakatafuta E wote sabini na wawili, wasiione. Darasa likaangua kicheko mpaka mwalimu mkuu akaja dirishani. Siku hiyo nilijua nimepata njia, na sikuiacha tena.

Sasa sikiliza jambo hili, kwa sababu mbele litanigharimu. Kila Jumapili baada ya kanisa nilikaa na kamusi yangu kuukuu nikaandika orodha ya majibu ya wiki. Orodha hiyo ndiyo ilikuwa mahakama. Neno lililokuwemo lilipata alama. Neno lisilokuwemo lilipigwa mstari mwekundu, na hapakuwa na rufaa.

Baada ya miaka sita nilihamishwa nikapelekwa shule moja karibu na Roret. Huko ndiko mkaguzi wa shule alinikuta na watoto wamekaa sakafuni, vipande vya mbao vimetapakaa kila mahali. Aliniomba azimio la kazi, yaani daftari la mwalimu linaloonyesha atafundisha nini wiki gani. Akalisoma, akaniangalia juu ya miwani.

"Hapa mnasoma ama mnacheza karata?"

Ningeweza kujieleza. Badala yake niliandika neno mama ubaoni: INSPECTOR. Nikamwomba akae kwenye dawati atafute pamoja na watoto kwa dakika kumi. Alikaa, magoti yakimfika kifuani. Alipata maneno tisa. Msichana aliyekaa kando yake alipata ishirini na moja, na kwa heshima akamwonyesha mawili aliyoyaruka. Mkaguzi akafunga kalamu yake.

"Endelea," akasema. "Lakini punguza kelele."

Nilivimba kichwa siku hiyo. Nilirudi nyumbani nikijiona mimi ndiye Kiingereza chenyewe.

Kituo changu cha tatu, ambako nilikaa mpaka mwisho, kilikuwa shule ya wakulima wadogo upande wa Mogogosiek, si mbali na kiwanda cha chai. Nikiwa huko shule za kanda zilianza mashindano ya neno mama, kila shule ikitoa mtoto mmoja wa darasa la nane. Kanisa lilikuwa limejitolea kumsomesha mshindi katika shule ya bweni miaka yote minne. Kwa mtoto wa chairman wa kamati ya shule hilo lilikuwa jambo la sifa. Kwa mwanafunzi wangu Chelangat lilikuwa jambo la kusoma au kutosoma. Alikuwa kifungua mimba kati ya watoto saba. Mama yake alikuwa ameshamtayarishia kikapu cha kuchumia chai, na alikuwa ameniambia hivyo bila kuficha.

Fainali ya shule yetu ilifanyika Ijumaa mbele ya darasa zima, nami ndiye nilikuwa hakimu. Waliobaki walikuwa wawili: Chelangat, na Collins, mtoto wa chairman, kijana mpole asiyekuwa na makuu. Neno mama lilikuwa HOUSEHOLD. Nilisahihisha mbele yao wote. SHOULD, vema. HOED, vema. LOUD, vema. Kisha kwenye karatasi ya Chelangat nikakutana na DHOOL.

"Hii ni nini?"

"Ni neno, Madam. Iko kwa ukuta ya fakta ya chai. Baba alinionyesha."

Sikufungua hata kamusi. Niliangalia orodha yangu, halikuwemo, nikapiga mstari mwekundu. "Hiki si Kiingereza," nikasema. "Hiyo ni lugha yenu. Rudi nayo nyumbani." Darasa likacheka. Nami nikacheka. Collins alikuwa na maneno ishirini na saba, Chelangat ishirini na sita. Jina la Collins likapelekwa kwa afisa wa elimu wa kanda jioni ile ile.

Kila muhula niliwapeleka darasa la nane kiwandani kwa somo la sayansi. Zamu ya muhula ule iliangukia Jumatatu iliyofuata, na mashindano ya kanda yalikuwa Ijumaa. Tuliona majani yakinyaushwa kwenye vitanda virefu vya wavu, tukaona mashine zikiyakatakata, tukaingia chumba cha kuchachushia. Ukutani palikuwa na ubao mweusi niliokuwa nimeupita kila muhula bila kuusoma. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, pameandikwa DHOOL 1, DHOOL 2, DHOOL 3, na mbele ya kila moja saa ilipoingia. Mwanamume aliyekuwa ameshika chaki aligeuka, akafuta mkono kwa aproni akanisalimu. Alikuwa baba yake Chelangat.

"Karibu, Madam. Sasa hii majani ikishakatwa, si majani tena na bado si chai. Hapo katikati ndio tunaita dhool. Inaingia hapa ikiwa kijani, tunaipatia hewa mpaka igeuke rangi ya shaba. Ukiharakisha imeharibika. Ukichelewa imeharibika."

Sijui kama mtoto alimwambia habari ya fainali. Nilimtafuta Chelangat kwa macho nikamkuta nyuma ya wenzake, anaangalia viatu vyake. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nilimwuliza meneja wa uzalishaji, aliyekuwa akituzungusha, hilo ni neno la lugha gani.

"Ni Kiingereza ya chai, Madam. Ripoti zote tunaandika nayo. Hata mtu wa India akisoma anaelewa."

"Niandikie," nikamwambia. "Na uweke muhuri."

Mwalimu mkuu aliisoma karatasi ile akanirudishia haraka kama mtu aliyeshikishwa kaa la moto.

"Jina ya Collins imeshaenda. Na baba yake unamjua. Tena Madam, ukisimama mbele ya watoto useme ulikosea, kesho nani atakusikia?"

"Watanisikia tu," nikasema. "Nina sauti."

Asubuhi ya Jumanne nilisimama kwenye paredi, shule nzima ikiwa mistarini na ukungu bado haujaondoka kwenye chai. Nilisema kwamba Chelangat aliandika neno la kweli, na mimi nililikata kwa sababu sikulijua, tena nikamcheka, na ninamwomba msamaha. Hakuna aliyepiga makofi. Paredi ilipotawanyika Collins alinifuata mpaka mlangoni mwa ofisi, anasugua kola ya shati.

"Madam, hata mimi nilijua hiyo neno. Tuko na chai nyumbani. Niliogopa kuiandika, nikajua utapiga red."

Aibu ya kiwandani ilikuwa ndogo. Hii ndiyo ilinikalisha chini. Miaka yote ile nilidhani nawafundisha watoto kutafuta maneno, kumbe kalamu yangu ilikuwa inawafundisha kuficha yale waliyokuwa nayo. Nilijiuliza ni wangapi wengine waliomeza neno kwa kuniogopa.

Mchana nilikwenda kwa afisa wa elimu wa kanda, mama mmoja wa maneno machache ambaye kiti chake kilikuwa kikilia kuliko yeye alivyokuwa akisema. Alisoma karatasi ya kiwanda, akachukua sheria za mashindano akazisoma pia.

"Sheria inasema neno inayotumika," akasema. "Haisemi neno yenye Madam anajua. Kwa hivyo wako ishirini na saba kwa ishirini na saba."

"Basi warudie."

"Watarudia hapa kwangu Alhamisi, neno nitatoa mimi. Lakini lazima uandike barua useme kosa ni yako, na itakaa kwa faili yako. Si unangoja unaibu wa mwalimu mkuu mwaka huu?"

"Nangoja."

"Na bado utaandika?"

"Nipe karatasi."

Niliandika pale pale mezani kwake. Alhamisi Chelangat alimshinda Collins kwa maneno mawili. Collins akampa mkono kabla hata ya afisa kumaliza kuhesabu, ingawa baba yake hakunisalimu mwaka mzima. Ijumaa Chelangat aliwashinda wa kanda nzima, akimwacha msichana wa Kiptere kwa neno moja tu. Mama yake Chelangat alikuja shuleni Jumatatu. Aliniletea kikapu kile cha kuchumia chai, kipya bado, akasema mimi sasa ndiye nitakitumia. Nilikiwekea viazi, na kiko mpaka leo.

Unaibu haukuja mwaka huo, wala mwingine wowote. Kila jina langu lilipofika mezani, barua ile ilifika nayo. Iliniuma. Nilistaafu nikiwa mwalimu wa darasa, chini ya wakuu wawili niliokuwa nimewafundisha kazi mimi mwenyewe. Lakini tangu paredi ile nilichora kisanduku pembeni mwa ubao nikakiita kona ya kungoja. Mtoto akileta neno nisilolijua, halipigwi mstari. Linaandikwa kwenye kona, naye anapewa wiki moja kuleta shahidi. Mtoto wa makanika wa trekta aliniletea SHIM, kibati cha kujazia pengo kwenye mashine. Mtoto wa daktari wa mifugo aliniletea SIRE, dume la kuzalishia. Orodha yangu ya Jumapili iliendelea kurefuka kwa maneno ya watoto, na mimi nilianza kusoma Kiingereza upya nikiwa na mvi.

Sasa niko nyumbani na chai yangu kidogo na ng'ombe wawili. Juzi mjukuu wangu Joy, wa darasa la saba, alikuja likizo na simu ya mama yake. Akanionyesha kwamba ukiipa simu herufi, inakutolea maneno yote yaliyomo. Nikampa HOUSEHOLD. Maneno yakamwagika kabla sijapata miwani yangu, mengine sijawahi kuyaona maishani. Nilifurahi, tena sana, nikafikiria zile Jumapili zangu zote na kamusi iliyochanika. Kisha nikamwambia atafute DHOOL.

Akashusha kidole, akapandisha, akajaribu tena.

"Shosho, haiko. Simu imekataa. Hiyo si Kiingereza." Akacheka.

Nilimwangalia akicheka. Nilikijua kicheko kile, na nilijua kabla ya Joy kilikuwa cha nani. Kutoka kwangu mpaka kiwandani ni mwendo wa nusu saa. Chumba cha kuchachushia bado kipo, ubao bado upo, na msimamizi anayeshika chaki siku hizi ni Chelangat.

"Vaa viatu," nikamwambia Joy. "Na hiyo simu ibebe, nayo ikaone."