Kifuniko cha Darubini

Juzi, dukani Old Town, Lilongwe, muuzaji alinionyesha darubini ya kutazamia nyota. Kabla sijaweka jicho, alichomoa kifuniko cheusi kule mbele. Damu ikanichemka.

Nilikijua kifuniko kile. Mchana mmoja utotoni, pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wageni walitupanga mstari uani pa kanisa ili tuone anga kwa darubini yao. Darubini ilinukia plastiki mpya, na kamera ililia kila mtoto alipoinama. Mimi niliona giza tu. Nikadhani macho yangu ni mabovu, basi nikapaza sauti: "Naona nyota!" Wakanipa biskuti.

Nyuma yangu alikuwa rafiki yangu Riziki. "Mi sioni kitu," alisema. "Iko giza tu."

"Sema umeona! Bageni banangoja," mkalimani wa wageni alimfokea, kisha akamsukuma kando bila biskuti.

Kumbe watu wazima wale hawakujali hata kutoa kifuniko! Walitaka picha tu. Aibu yao. Na yangu pia, maana Riziki peke yake ndiye aliyesema kweli, na mimi, biskuti mdomoni, nikambandika jina la Kipofu. Kambini bado wanamwita hivyo.