Nilifeli usaili kwa neno "emerge", falaj ya Ibra ikaninusuru

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mwenyewe, chumvi sijatia.

Nimezaliwa Ibra, huku Oman, wazee wangu wa Unguja. Kiswahili changu ni cha nyumbani, kikipinda mnivumilie.

Nilikuwa natafuta leseni ya kuongoza watalii. Usaili ukafanyika Nizwa. Msaili akanipa maelezo ya Kiingereza kuhusu falaj, ile mifereji yetu ya kale ya maji, akaniuliza "emerge" ni nini hapo.

Nikamwaga kamusi nzima: kujitokeza, kujulikana, kuzuka. Mwisho nikajichanganya mwenyewe. Nikafeli.

Nafasi ya kurudia ikabaki moja tu. Nyumbani sikumwambia mtu, niliona aibu.

Nikaenda kwa jirani yetu Bi Thuwaiba, mwalimu wa Kiingereza aliyestaafu. Kitabu hakufungua. Alinipeleka kwenye mashamba ya mitende, pale maji ya falaj yanapotoka chini ya ardhi.

Jua lilikuwa kali. Nami nikavua viatu, nikatumbukiza miguu palepale yanapotokea.

Mzee mwenye shamba alinifokea kwa Kiarabu mpaka nikatamani kupotea. Pale ni pa kuchota maji ya kunywa; kuoga na kufua ni chini zaidi. Mtu wa Ibra, nisijue! (Ndiyo matunda ya kulelewa na maji ya bomba.)

Bi Thuwaiba akaniombea radhi, kisha akanigeukia.

"Sasa hutosahau. Asili ya hilo neno lako ni Kilatini, kutoka ulikozama. Maji haya yalikuwepo chini siku zote, mwanangu. Hapa yameibuka tu."

Njiani akaniunganishia maana zilizobaki. Siri ikibainika, imeibuka. Mtu akitoka kwenye dhiki, naye kaibuka. Hata emergency ni ndugu yake, jambo lililozuka ghafla.

Usaili wa pili nilieleza "emerge" kwa mfano wa falaj, na kosa langu la miguu nikalitoboa. Msaili akacheka. Nikapita!

Nilimpigia Bi Thuwaiba kabla hata ya mama. Nikasikia analia.

"Alhamdulillah. Tangu nistaafu nikijiona sina tena faida kwa mtu."

Wakuu, nilikwenda kwake na shida yangu, kumbe naye alikuwa na yake. Namshukuru mno, Mungu amlipe.

Nilichojifunza: mwalimu wako akiwa hai, usimwache akakaa kimya nyumbani. Mpigie leo, kisha njoo utwambie hapa kakujibu nini.