Injini Iliyonuka Mafuta ya Shea

Siku hizi mafuta ya shea yanauzwa mjini katika vikopo vidogo vyenye vifuniko vya rangi ya dhahabu, na wasichana wa dukani watakuapia kwamba yanalainisha ngozi. Binti yangu aliniletea kimoja. Nikakifungua, nikanusa, nikamrudishia palepale. Alidhani sikupenda zawadi yake, na nyinyi mngekuwapo mngedhani hivyo hivyo. Lakini kwangu mimi ile si harufu ya ngozi ya mtu. Ni harufu ya injini.

Nyumbani kwetu Awindiri, hapo Arua, tulikuwa na gari la michezo ambalo halikwenda popote. Lilikuwa dogo, la chini, mgongo wa mviringo, wekundu wake umechujuka ukawa kama kanga ya zamani. Injini yake ni ya kukaa nyuma, mahali ambapo watu wengine hupakia mizigo, na mahali pale palikuwa patupu. Kuku wa Mama walitagia humo. Ukiinua boneti ya mbele ulikuta nafasi ya begi tu, na hakuna mgeni aliyeondoka kwetu bila kucheka.

Injini yenyewe ilikaa Dadamu kwa Bibi, mama yake Baba, ndani ya ghala la nafaka lililoachwa, imepakwa mafuta ya shea kila upenyo na kuviringishwa ndani ya ngozi ya ng'ombe. Baba alikuwa dereva jeshini wakati wa serikali ya wanajeshi. Serikali ile ilipoanguka na watu wetu wakakimbilia Kongo, yeye aliifungua injini, akaificha, akaiacha bodi nje kwenye majani. Tuliporudi, magari ya wenzake yote yalikuwa yameibwa. Lake lilikuwapo. "Gari haina injini, nani naiba?" alikuwa akiuliza wageni, na kila mara alicheka yeye kwanza. Mama hakucheka. Aliinuka akaenda kuangalia sufuria.

Nilikuwa darasa la tatu siku Baba alipoileta injini nyumbani kwa pikapu ya kukodi. Aliifungua juu ya mkeka wa Mama, ule mzuri wa wageni, na mafuta yaliyokaa miaka yote yale yakatoa harufu nzito iliyochacha ikajaa nyumba nzima. Mama alirudi kutoka sokoni akasimama mlangoni. Hakupiga kelele. Hapo ningepaswa kujua, kwa sababu Mama alipiga kelele kwa ajili ya sukari, kwa ajili ya ndala zilizoachwa vibaya, kwa ajili ya mvua. Alinawa mikono, akafunga nguo zake, akambeba mdogo wangu mgongoni.

"Wewe nasoma. Bakia na Bibi," aliniambia. Akaenda kupanda lori la kwenda kwao, Koboko.

Mimi niliamua kwamba kosa ni mkeka. Niliusugua kwa sabuni na majivu mpaka maua yake yakafutika, doa likabaki. Baba alinikuta huko nyuma nikilia na brashi mkononi, akachuchumaa karibu yangu. "Hapana lia. Hii injini naingia, sisi naenda leta mama yako. Yeye naona gari natembea, yeye narudi." Nikamwamini. Tangu hapo injini ile ikawa mama yangu, na kila bolti iliyokazwa ilimsogeza Mama karibu na nyumbani.

Fundi wetu, Ondoga, alikuwa mtu wa malori. Aliiosha injini kwa petroli, akaipangusa, akaizunguka huku akitafuta kitu.

"Maji naingia wapi?"

"Hapana maji," Baba alisema. "Hii nakunywa upepo."

Ondoga akamtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mbuzi wake anakula mawe. Hata hivyo alifunga mnyororo kwenye boriti, akaivuta injini juu ili aishushe kwa ndani, kama wanavyofanya kwenye malori. Haikupita. Akaigeuza ubavu, ikagoma. Akaijaribu tena na kukwaruza rangi, Baba akamtukana kwa maneno ya kambini ambayo sitayaandika.

Bibi ndiye aliyetegua kitendawili. Alikuwa amehamia kwetu tangu Mama aondoke, na wakati huo alikuwa ameketi akichambua maharage, wala hakuinua kichwa. "Nyinyi najenga nyumba namna gani? Paa nafumwa chini, watu nabeba, naweka juu ya ukuta. Beba gari."

Basi wakaitwa wanaume wa mtaani, wale wale waliozoea kubeba mapaa ya nyasi. Injini ilikalishwa juu ya tairi kuukuu. Wakashika mkia wa gari, mmoja akatoa sauti ya kuitikiwa, wakainua kwa pamoja, wakalitembeza kinyumenyume mpaka likaifunika injini, kisha magogo yakawekwa chini ya bodi. Ondoga akajilaza kwa tumbo na jeki yake. Kazi iliyobaki ilikuwa kuipandisha injini taratibu na kuisukuma mbele, shafti ya giaboksi iingie kwenye klachi. Haikutaka. Alitikisa, akatukana, akazungusha kidogo gurudumu la mkanda. Mara tukasikia mlio mmoja mfupi wa chuma kukubali chuma, na watu wote wakashangilia.

Kwetu waliobeba paa hulishwa na mwenye jiko la nyumba ile. Walinawa mikono, wakaketi, wakatazamana. Mzee mmoja akauliza, "Mama ya nyumba iko wapi?" Baba akasema iko safari. Bibi akapakua maharage yake, na watu wakala upesi upesi.

Gari liliwaka. Jamani, mlio wake! Haukuwa ngurumo ya lori. Ulikuwa mkavu, wa kukereza, na joto la injini lilipoyeyusha mafuta ya shea yaliyojificha kwenye mapezi yake ya kupozea, moshi ulinuka kama jikoni. Niliketi mbele kando ya Baba, nimevaa gauni langu la kanisani, na barabara yote ya Koboko watu walitupungia mkono. Sijawahi kuwa na furaha ile tena. Nasema kweli, na inaniuma kusema.

Mama alikuwa anafagia uwanja wa kwao. Aliusikia mlio kabla hajatuona, na tulipoingia alikuwa tayari ameuacha ufagio na kusimama mlangoni. Baba akapiga honi.

"Zima," Mama alisema.

Baba akazima. "Mimi nakuja kukuchukua."

"Mimi hapana ingia humo. Wewe najua."

Baba akanigeukia. "Ita mama yako." Nikamwita. Mama akaja, akafungua mlango wa upande wangu, akanivuta nje, akanipangusa vumbi mgongoni na mapajani kwa kiganja chake, kwa nguvu, mpaka ikaniuma. "Huyu nabaki," alisema. Baba akaliwasha gari, akarudi Arua peke yake.

Hakuja tena. Nilikulia Koboko, na kwa miaka mingi nilimchukia Mama, nikiamini kwamba alikataa mume mzima kwa sababu ya mkeka.

Mama aliniambia ukweli nilipokuwa mama mimi mwenyewe. Gari lile lilikuwa la mtu wa Kampala. Jioni moja huko jeshini Baba aliamriwa ampeleke mtu huyo mahali, akampeleka kwa gari la mtu huyo mwenyewe, naye ameketi kwenye kiti cha mbele, kando ya Baba. Baba akarudi peke yake, na gari likawa lake. Mama alijua alipoposwa, injini ikiwa tayari imefichwa, akatoa sharti moja tu, kwamba isirudi humo. "Kama hapana injini, ile gari iko nyumba ya kuku tu," alimwambia. "Na injini, iko gari ya ule mutu." Baba akakubali, akaapa. Kisha miaka ikapita, akaona amevumilia vya kutosha.

Nampenda Baba bado, jambo linaloniudhi sana. Lakini sasa najua kile kiganja cha Mama kilikuwa kinapangusa nini. Vumbi lilikuwa usoni na miguuni, na huko Mama hakugusa. Alinipangusa pale tu nilipokuwa nimegusana na kiti.